Habari za Mashine na Shafti katika Vyombo vya Pemba

Kisiwa chetu cha Pemba, ambacho Waarabu wa kale walikiita Kisiwa cha Kijani, kimetengwa na bara kwa mlango wa bahari wenye kina kikubwa, ambacho mahali pengine chapita mita 700. Mkondo wa maji huelekea kaskazini, nao huzidi nguvu majira ya kusi. Kwa hiyo tangu zamani watu wa Pemba hawakuweza kwenda popote ila kwa kukitegemea chombo. Wazee walisafiri kwa jahazi na kwa mtepe ulioshonwa kwa kamba za nazi, na nahodha alijua hali ya chombo chake kwa kusikiliza mlio wa foromali na wa mbao. Sisi tuliokuja baada yao hatuna budi kujifunza kusikiliza chuma.

Mashine ya moshi ilifika mapema katika maji haya. Mwaka 1872 merikebu za barua za British India zilianza kuja Unguja kwa zamu. Mwaka huohuo tufani kubwa iliiangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo karafuu nyingi zilitoka Pemba, basi haja ya vyombo kati ya visiwa viwili ikaongezeka. Seyyid Barghash naye aliunda merikebu yake, Glasgow, mwaka 1878, ambayo ilizamishwa kwa mizinga mbele ya mji wa Unguja tarehe 27 Agosti 1896. Baadaye dizeli ilishika mahali pa makaa. Lakini tangu siku za moshi hata leo jambo moja halikubadilika: mashine huzungusha shafti, shafti huzungusha rafadha nyuma ya tezi, na kiungo kimoja kikiharibika, chombo chote hutetemeka.

Mafundi wa Ulaya walitaabika sana kwa jambo hili. Merikebu za kwanza za rafadha zilikuwa na beringi za shaba mahali shafti inapotokea nje, nazo zililika upesi, shafti ikacheza na maji yakaingia. Mwaka 1854 Mwingereza John Penn alipata hati ya kutumia vipande vya mti mgumu uitwao lignum vitae, wenye mafuta ndani yake, ambao hulainishwa na maji yenyewe ya bahari. Leo mahali pa mti huo hutumiwa mpira wenye mifereji ya kupitisha maji, lakini shauri ni lilelile.

Fundi mwingine, Alfred Yarrow, alitaka kujua kwa nini mashua za manowari zilitikisika mno. Wengi walisema kosa ni la rafadha. Yeye hakubishana nao. Aliiondoa rafadha, akaiendesha mashine peke yake, na chombo kikatikisika vilevile. Ndipo alipojua ya kuwa kosa ni la uzito usiolingana ndani ya mashine, akaieleza habari hiyo mwaka 1892. Twaona hekima yake: alitenga sababu moja na nyingine kabla ya kutia mkono.

Basi fundi wa Wete au Mkoani na afanye vivyo hivyo. Kwanza, chombo kikiwa kimefungwa, aiendeshe mashine bila kutia gia, akiongeza mwendo polepole. Kama yatetemeka, kosa li katika mashine: pengine silinda moja haiwaki, au mipira inayoibeba mashine imechoka, au bolti zimelegea. Kama imetulia, na mtetemo waanza gia ikitiwa, atazame nyuma: panga la rafadha lililopinda kwa kugonga mwamba, mshipi au wavu uliojizungusha, shafti iliyopinda, beringi iliyolika, au kiungo cha shafti na gia kisicholingana. Kama mtetemo waja katika mwendo mmoja tu na kutoweka mwendo ukizidi, huenda mapigo ya mashine au ya rafadha yamepatana na mtikisiko wa asili wa chombo chenyewe.

Kupwa kwa bamvua hutusaidia sana, kwa kuwa maji hushuka yapata mita nne, na chombo kikikaa mchangani twaweza kuitazama rafadha na kuitikisa shafti kwa mkono. Lakini hapa pana mtego. Chombo cha mbao kikilala mchangani hujipinda kidogo, na kikielea hurudi umbo lake. Shafti iliyolinganishwa mchangani yaweza kuwa imepotoka majini. Kwa hiyo kiungo na kipimwe chombo kikielea, mizigo ikiwa mahali pake. Bamba jembamba la kupimia likipita upande mmoja wa kiungo na kukataa kupita upande wa pili, mashine haijakaa sawa. Katika kiungo chenye upana wa milimita 100, tofauti isizidi sehemu moja ya kumi ya milimita.

Wako wanaosema, "Yatetemeka, lakini yaenda." Neno hili ni la hatari. Mtetemo hulegeza bolti, hula beringi, na kulifungua tundu la shafti hata maji yakaingia chini ya sakafu pasipo mtu kuona. Mashine ikizimika katikati ya mlango wa bahari, mkondo hauwangoji abiria. Mwenye chombo anayeiahirisha kazi ya siku moja kwa ajili ya nauli ya siku moja ameweka roho za watu rehani.

Walimu, mnapowafundisha vijana wetu hesabu na vipimo, waonyesheni na jambo hili: kwamba sehemu ya kumi ya milimita si kitu kidogo, na ya kuwa atafutaye sababu moja baada ya moja hufika kwenye kosa, bali agongaye nyundo kwa kubahatisha huongeza la pili. Na sisi tunaopanda vyombo, tukisikia sakafu ikitetemeka kuliko jana, tumwambie nahodha kabla ya kung'oa nanga.