Kijani Si Malisho: Fahirisi ya Uoto na Bima ya Mifugo Kaskazini mwa Kenya

Klorofili ya jani bichi hunyonya sehemu kubwa ya mwanga mwekundu, ilhali seli za ndani ya jani hurudisha karibu nusu ya miale ya infraredi ya karibu. Tangu setilaiti ya kwanza ya Landsat iliporushwa mwaka 1972, watafiti wameigeuza tofauti hiyo kuwa kipimo: infraredi hutolewa wekundu, kisha jibu hugawanywa kwa jumla ya vyote viwili. Uoto unaorudisha asilimia 50 ya infraredi na asilimia 8 ya wekundu hupata 0.72, udongo mtupu wenye 30 na 22 hupata 0.15. Hiyo ndiyo NDVI, fahirisi ya uoto. Kule kugawanya hupunguza athari ya kivuli cha mlima na ya jua lililoinama.

Mwaka 2010 taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI na washirika wake walianzisha Marsabit bima ya mifugo inayolipa kwa kufuata fahirisi hii, pasipo mtu kwenda kuhesabu mizoga. Wazo lenyewe silipingi. Kutuma mkaguzi kila boma kungeiua bima hiyo mapema. Ninachokipinga ni kuisoma namba ya mwanga kana kwamba ni namba ya nyasi.

Mfano ni mti wa mathenge, Prosopis juliflora, uliopandwa Baringo miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa na kuwapa watu kuni. Mizizi yake huzama mbali, kwa hiyo ukame ukikausha nyasi, wenyewe hubaki kijani. Mifugo huyakwepa majani yake na kula maganda matamu, ambayo nayo yana madhara: wakazi wa Baringo waliwahi kufika mahakamani na mbuzi aliyeng'oka meno. Setilaiti haina habari hizo. Inachokiona ni uoto wenye afya.

Watetezi hujibu kwamba bima hailinganishi Turkana na Kakamega. Kila eneo hupimwa kwa historia yake lenyewe. Jibu hilo lingetosha iwapo kichaka kingetulia mahali pamoja. Mathenge huenea mwaka hadi mwaka, na historia inayotumika kama kipimo ni ya mbuga ambayo sehemu yake haipo tena. Ng'ombe wanaweza kukonda hadi kufa huku fahirisi ikionyesha msimu wa wastani.

Fahirisi mpya hazitatui hili. SAVI, aliyoipendekeza mtafiti Huete mwaka 1988, hurekebisha athari ya udongo. EVI hupunguza ukungu wa angahewa na huhimili misitu minene. Hakuna inayouliza mmea ni upi. Piseli ya kihisi cha setilaiti cha MODIS yenye mita 250 kila upande hukusanya hekta 6.25, nyasi na vichaka pamoja. Setilaiti ya Sentinel-2, inayopiga picha tangu 2015, ina piseli za mita 10, na hapo mathenge hujifichua wenyewe: piseli inayobaki kijani kiangazi kizima, mbali na mto na mashamba ya umwagiliaji, ni ya kutiliwa shaka. Piseli hizo zihakikiwe kwa mguu pamoja na wafugaji, kisha ziondolewe kwenye hesabu ya sasa na ya miaka yote ya nyuma, kabla mkataba haujauzwa.