Gari Lilipoingia Msituni, Nani Aliulizwa?

Juma hili naanza na gari lililokwama. Barabara ya Mbinga kwenda Mbamba Bay ilikuwa bado ya udongo, na mvua za Umatengo si za mchezo. Tulikuwa ndani ya Land Rover, watu tisa na katoni za sabuni. Dereva akalitazama tope, akautazama msitu wa serikali uliokuwa kando, akakata kona akaingia katikati ya miti. Hakuwa wa kwanza. Alama za magurudumu zilikuwepo tayari, tatu au nne, kila moja ikiikimbia ile iliyoharibika kabla yake.

Upande wa chini, mpakani mwa msitu, alisimama mzee mmoja na jembe begani. Tukamwamkia. Akaitikia, kisha akamwuliza dereva, "Mwanangu, njia hii umepewa na nani?" Dereva alicheka. Na sisi abiria tulicheka. Nilipopita tena mwaka uliofuata, ile njia ilikuwa korongo, na maji yake yalikuwa yanashukia shambani kwa yule mzee.

Ili kuelewa swali lake, yafaa kulijua shamba lake. Wamatengo hulima ngoro. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayopishana, udongo hufukiwa juu yake, na katikati hubaki shimo. Mlima mzima huonekana kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, kila shimo hushika maji yake, na udongo haushuki. Mwaka 1938, ndani ya jarida la Tanganyika Notes and Records, A. H. Pike alikwisha kuandika juu ya ustadi huo wa kuhifadhi udongo. Sasa gurudumu la gari hufanya kinyume kabisa cha ngoro. Huchonga mfereji mmoja mrefu kutoka juu hadi chini, na maji yote hukimbilia humo.

Watu hawa walikuwa pia na namna yao ya kushauriana. Ardhi iliyo kati ya kijito na kijito waliiita ntambo, na ukoo ulikuwa na sengu, mahali pa kula pamoja na kuzungumza mambo yao. Sisemi kila kitu kilikwenda vizuri huko. Wanawake, ambao ndio walimao sehemu kubwa ya ngoro, sidhani kama neno lao lilisikika sawa na la wazee wa kiume. Lakini jambo la ardhi halikuamuliwa na mpita njia.

Serikali za kikoloni zilibadilisha mambo. Wajerumani walitoa amri yao ya misitu mwaka 1904. Waingereza wakafuata na sheria yao mwaka 1921, kisha nyingine ya 1957, ambayo tuliendelea kuitumia miaka mingi baada ya uhuru. Katika utaratibu huo mwanakijiji alijulikana zaidi kama mshitakiwa: mkata kuni, mchoma mkaa, mwingiaji bila kibali. Barabara nazo, mkoloni alimwita kuzilima, hakumwita kuamua zipite wapi.

Mageuzi yalianzia mbali na Ruvuma. Huko Babati, mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilitaka kuufanya msitu wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake. Wanavijiji walikataa. Baada ya mabishano, vijiji vinane vikaachiwa msitu huo, vikaweka walinzi wao na sheria zao ndogo, na msitu ukaanza kurudi. Somo hilo liliingia katika Sera ya Misitu ya 1998, kisha katika Sheria ya Misitu ya 2002, iliyoanza kutumika Julai 2004. Leo kuchonga barabara ndani ya msitu wa hifadhi kunahitaji kibali, na kijiji kinaweza kutenga msitu wake chenyewe na kuutungia sheria ndogo. Sheria ya Mazingira ya 2004 nayo inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini, na wananchi watoe maoni.

Lakini dereva wetu hakuwa na mradi. Alikuwa na tope mbele yake. Hakuna tathmini inayofanywa kwa gari moja linalokwepa dimbwi, na ndivyo njia nyingi za msituni zinavyozaliwa. Likishapita gari la kumi, hiyo ni barabara, na anayehoji ataambiwa anazuia maendeleo.

Wamarekani waliliona hilo mapema. Mwaka 1972 Rais Nixon aliagiza kwamba maeneo na njia za magari katika ardhi ya umma yatengwe, na wananchi wapewe nafasi ya kusema kabla ya kutengwa. Mwaka 2005 idara yao ya misitu ikaweka kanuni ya ramani: njia isiyoonyeshwa kwenye ramani, gari lisipite. Kwao ugomvi mwingi ulikuwa wa starehe, pikipiki na jipu za mwisho wa wiki. Kwetu gari limebeba chumvi, au mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Litembo. Kwa hiyo sikubaliani na anayetaka tufunge tu. Ramani, hata hivyo, ningeichukua.

Na maoni yatoke kwa nani? Mwaka 2010 ulipotangazwa mpango wa barabara kukatiza Serengeti, walioupeleka katika Mahakama ya Afrika Mashariki walikuwa shirika la kutetea wanyama kutoka Kenya. Juni 2014 mahakama iliizuia serikali kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi. Yawezekana ilikuwa haki. Lakini mkulima wa Mugumu na mfugaji wa Loliondo hawakuwa wenye kesi ile.

Sasa Mbinga hadi Mbamba Bay ni lami, kilomita 66, na tope lile halipo. Magurudumu yamehamia pembeni: bodaboda, malori ya mbao, magari ya watalii wanaotafuta fukwe. Tena tangu 2012 ufukwe umekuwa Wilaya ya Nyasa, na milima imebaki Mbinga. Njia ikichongwa juu, udongo unaangukia halmashauri nyingine, kwenye mito ambamo samaki kama mbasa hupanda kutaga. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila miezi mitatu. Ningependa kuona, katika ajenda ya kijiji kimoja cha juu, mstari unaosema njia za magari msituni, na mvuvi mmoja wa ziwani amealikwa kuzungumza.