Nani Kashika Kamera? Filamu Tusizozitazama na Historia Yetu

Wiki mbili hizi nimekuwa kimya, asaimenti zilinibana kisawasawa. Leo sileti habari za bumu wala foleni ya kantini. Nataka tuzungumze filamu, lakini si zile tunazopeana kwenye fleshi kila Ijumaa. Nasemea zile ambazo ukizitaja chumbani mtu anakuuliza, "hiyo nayo filamu gani?" Mimi ni mwalimu mtarajiwa wa historia, na kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyoamini jambo moja: kila filamu imebeba historia mbili, ya kile inachokionyesha na ya yule aliyeshika kamera. Tukiisahau hii ya pili tumekwisha.

Tuanze na kichekesho. Mnajua kwamba Mzee Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, aliwahi kuwa nyota wa filamu? Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni na kampuni moja ya Afrika Kusini walitengeneza filamu za Kiswahili, na Kawawa akacheza katika Muhogo Mchungu. Mkoloni alitaka kumfundisha Mwafrika namna ya kuishi mjini. Haikupita hata miaka kumi na tano, yule mcheza filamu akawa mkubwa wa serikali na wenye kamera wameshafungasha virago. Ukiitazama hivyo, filamu ya kuchekesha inageuka kuwa somo zima la ukoloni.

Sasa tuje kwenye ile nzito, Africa Addio, ya Wataliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, iliyotoka mwaka 1966. Sehemu ya Zanzibar waliipiga Januari 1964 wakiwa angani. Kuna watu wanakimbia, kuna maiti, kuna makaburi. Ipo mtandaoni, yeyote mwenye simu anaweza kuiona, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo. Kwa vijana wengi hii ndiyo sura pekee ya Mapinduzi waliyoiona kwa macho yao.

Maoni yangu ni haya. Wale waliokufa walikuwa watu, walikuwa na wazazi na watoto, na mwalimu hana ruhusa ya kuwafunika kwa sababu tu aliyewapiga picha hatumpendi. Lakini msikilize msimulizi! Kwake yeye Afrika ni nyumba inayobomoka kwa kuwa Mzungu kaondoka. Na kutoka kule juu hakuna mwenye jina, hakuna anayesema neno. Mwaka huohuo wa 1966 wanafunzi wa Kiafrika na wenzao wa Kijerumani waliandamana Berlin Magharibi kuipinga. Walikuwa wanafunzi kama sisi, walijua wanatukanwa. Mimi nisingeipiga marufuku, ila pia nisingeionyesha peke yake.

Ningeionyesha pamoja na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021. Riwaya ya Adam Shafi wengi tunaijua, tatizo tuliisoma kwa kukariri majibu ya mtihani. Kwenye filamu tunawaona Yasmin na Denge katika Zanzibar ya miaka ya 1950, na kamera safari hii ipo chini, vichochoroni, usawa wa uso wa mtu. Watu wanazungumza, wanapendana, wanaogopa polisi. Kasoro yake? Ni nzuri mno! Rangi na vivuli vinapendeza hadi umaskini wenyewe unavutia. Halafu kumbuka aliyeshika kamera ni Mtanzania wa leo, anayetafuta katika miaka ile watu wa asili mbalimbali waliosimama pamoja. Hiyo nayo ni historia ya pili, ya kwetu sisi wa sasa na kiu yetu.

Ya nne ni Maangamizi (2001), ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kugombea Oscar. Profesa Amandina Lihamba anacheza kama Samehe, mwanamke aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili na ambaye hasemi, miaka na miaka. Niseme ukweli, inakwenda taratibu, wenzangu wawili walilala haijafika nusu saa. Mimi ilinikaba. Kwetu Pemba wapo wazee wenye maneno mengi juu ya kila kitu, lakini ukigusa mwaka 1964 wanaomba chai. Darasani tunafundishwa masimulizi ya mdomo, hatufundishwi kimya. Samehe alinionyesha kuwa kimya nacho ni ushahidi, na hakitaki kuchokonolewa kwa haraka.

Kwa wanaopenda vitu vya mbele, tafuteni Pumzi ya Mkenya Wanuri Kahiu (2009). Ni dakika ishirini na ushei tu, dunia imeishiwa maji, na shujaa Asha anafanya kazi wapi? Makumbusho! Hata siku za mwisho mtu wa historia ana kazi, msitukatishe tamaa.

Mtasema nahangaika na filamu bure. Basi njooni kwetu Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, muione ngome ya Mkama Ndume. Inakadiriwa ni ya karne ya 15. Chini ya ardhi kuna chumba chenye siwa iliyochorwa ukutani kwa chokaa, alama ya enzi. Hiyo ndiyo filamu aliyoiacha mtawala: kuta, siwa, nguvu. Lakini wazee wanasimulia nyingine, kwamba aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa matako. Hii ni kamera ya waliobeba mawe. Ukichukua kuta peke yake utamsifu Mkama Ndume, ukichukua hadithi peke yake utamlaani. Mwalimu anatakiwa aziweke zote mbili mbele ya mtoto.

Karibuni tunatawanyika kwenda mazoezi ya kufundisha. Skuli nyingi hazina vitabu vya kutosha ila simu zipo, na wanafunzi wataziona picha hizo tupende tusipende. Basi tuwazoeshe maswali mawili tu: nani kashika kamera, na nani hakupewa nafasi ya kusema? Mtoto akishika hayo, hata Jacopetti hamuwezi.

Nanyi leteni majina ya filamu zenu zisizojulikana, za kwetu hasa. Mechi za semista zinaanza kesho, naenda kulala.