Kaiseki na Mpakuo: Jina la Mlo Unaoletwa kwa Zamu

Mteja anayeagiza ugali kwa kuku wa kienyeji katika hoteli ya Kitale au Bungoma huletewa kila kitu kwa pamoja: ugali, kuku, mchuzi na mboga. Kaiseki, mlo rasmi wa Kijapani unaoandaliwa katika mikahawa ya hoteli na nyumba za wageni nchini Japani, hufuata kanuni nyingine. Hutangulia kionjo kidogo, ikafuata supu katika bakuli lenye kifuniko, kisha samaki mbichi aliyekatwa vipande vyembamba, kitu cha kuchoma na kitu cha kuchemsha kwa moto wa polepole. Wali, supu ya miso na achari huja karibu na mwisho, ndipo matunda yafunge mlo. Anayeueleza mlo huu kwa Kiswahili hupata shida anapotaka kutaja kila kinacholetwa kwa zamu yake. Naona jina kaiseki libaki lilivyo, na kila zamu iitwe mpakuo.

Jina lenyewe halituhitaji tulitafsiri. Kijapani huliandika kwa namna mbili zinazotamkwa sawa. Moja humaanisha jiwe la kifuani, kwa kukumbuka masimulizi ya watawa wa Zen waliotia jiwe la moto ndani ya joho ili kutuliza njaa. Huo ni mlo mwepesi unaotangulia chai, unaohusishwa na Sen no Rikyū, bingwa wa sherehe ya chai aliyefariki mwaka 1591. Nyingine humaanisha kikao cha watu, nao ndio mlo wa karamu unaosindikizwa na sake. Katika mlo wa chai wali huja mwanzoni. Katika mlo wa karamu huja mwishoni, baada ya vinywaji. Basi mpangilio wa zamu ni sehemu ya maana ya mlo. Tukiuita karamu au mlo kamili, tumetaja wingi na shibe, na utaratibu umepotea.

Kwa nini basi mpakuo? Kozi, wanaloliazima wengi, limeshikwa na masomo, na pia ni jina la ndege mwindaji. Awamu inatosha kwa serikali na ujenzi, lakini haina harufu ya jikoni. Mkupuo linapotosha, kwani anayefanya jambo kwa mkupuo mmoja hulimaliza lote mara moja. Kupakua ni kinyume cha kupakia: ni kutoa chakula chunguni na kukifikisha kwa mlaji. Kila mtoto wa Bungoma anayeambiwa apakue chakula anaelewa bila kamusi. Tena kitenzi hiki kimekwisha kuthibitisha kwamba kinaweza kupanuliwa, maana leo tunapakua hata faili kutoka kwenye intaneti. Kutoka kupakua tunapata mpakuo na mipakuo, nomino inayohesabika kwa urahisi: mpakuo wa kwanza, mpakuo wa tatu, mlo wa mipakuo minane.

Itasemwa kwamba mpakuo unaleta picha ya sufuria na sahani iliyojaa, ilhali kaiseki ni vipande vidogo vilivyopangwa kwa ustadi. Pingamizi hili lina uzito, lakini kitenzi kupakua hakijawahi kutaja kiasi. Kijiko kimoja hupakuliwa kama kinavyopakuliwa kibakuli kizima. Wengine wataona kaiseki litadhaniwa kuwa na kiambishi cha udogo, kwa kuwa katika mazungumzo ya magharibi mwa Kenya husikika katoto na kanyumba. Hata hivyo kahawa, kabati na kalamu zimekaa katika lugha miaka mingi bila mtu kuzidhania kuwa vitu vidogo. Isitoshe, silabi za kaiseki zote huishia kwa irabu, kama zinavyotaka sauti za Kiswahili.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba utaratibu huu ni wa kigeni, hivyo istilahi yake haina kazi Kitale wala Bungoma. Lakini kula kwa mpangilio si jambo geni kwetu. Pwani, tende hutangulia futari, na halua huliwa kabla ya kahawa chungu. Kwa Waluhya, Wabukusu wakiwemo, firigisi ya kuku ina mwenyewe, naye ni mwenye heshima mezani. Hapo mpangilio ni wa watu. Kwenye kaiseki ni wa wakati. Vilevile kaiseki hufuata msimu kwa makini, na hilo analijua vyema anayengoja mahindi mabichi ya Trans Nzoia au kumbikumbi wa baada ya mvua. Upishi wa jadi wa Kijapani uliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, na heshima yake kwa msimu ni miongoni mwa sifa zilizotajwa. Mwanafunzi wa huduma za hoteli anastahili kuujadili ustadi huo katika lugha ambayo Katiba ya 2010 imeifanya ya taifa na rasmi. Kwa istilahi hii ataweza kumwambia mgeni: mpakuo wa nne ni samaki wa kuchoma, na wali utakuja katika mpakuo wa mwisho kabla ya matunda. Mgeni ataelewa kwamba wali haujasahauliwa jikoni, bali zamu yake haijafika.