Mzee wa Meza ya Nne Hakuulizwa

Kabla sijaacha chuo nilikuwa kwenye masomo ya afya. Siku ya kwanza ya anatomia tuligawanywa kwa meza, sisi tukapata ya nne. Juu yake kulikuwa na mwili wa mwanamume mtu mzima, namba imefungwa kwenye kidole cha mguu. Tulimwita Mzee. Nilipouliza ametoka wapi, nilijibiwa kwa kifupi tu: watu wake hawakuja kumchukua.

Jibu hilo lilinifuata hadi nyumbani Isiolo. Hapa kwetu Muislamu akifa asubuhi, alasiri ashazikwa, na makaburini watu wamejaa. Sasa mtu anakosaje wa kumchukua? Nimesoma historia ya hii kitu, na niwaambie ukweli, ilianza kabla hata ya nchi inayoitwa Kenya.

Uingereza, sheria iliyoanza kutumika 1752 iliruhusu mwili wa muuaji aliyenyongwa upewe madaktari waupasue. Kupasuliwa kulikuwa adhabu. Lakini shule za udaktari ziliongezeka, wauaji hawakutosha, na biashara ya kufukua makaburi usiku ikashamiri. Huko Edinburgh mwaka 1828, William Burke na William Hare waliona kungoja mtu afe ni kupoteza wakati. Waliua watu 16 na kuuza miili yao kwa daktari Robert Knox. Burke alinyongwa Januari 1829, naye akapasuliwa.

Bunge likaleta Sheria ya Anatomia ya 1832. Iliondoa adhabu kwa wauaji, ikafungua njia kwa maskini: waliokufa kwenye nyumba za mafukara bila jamaa wa kuwachukua wangeweza kupelekwa mezani. Yaani kilichokuwa adhabu ya kuua kikawa malipo ya kuwa fukara.

Tukija Nairobi, miaka ya 1930 daktari wa serikali ya kikoloni, F. W. Vint, alipima ubongo wa wanaume 100 Waafrika waliokufa. Mwaka 1934 alichapisha matokeo, akidai ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni duni kuliko wa Mzungu. Mwenzake H. L. Gordon alizitumia hesabu hizo kubishana kwamba Mwafrika hafai kupewa elimu ya Kizungu. Uzito ulipimwa, unene ukapimwa. Ridhaa haikuwa na safu kwenye jedwali.

Kuna watakaosema hayo yalikuwa ya wakoloni. Sawa. Lakini 2010 Hope Gangata na wenzake walichunguza shule za udaktari za Afrika, wakakuta nyingi bado zinategemea miili ambayo haikuchukuliwa. Wakoloni walienda, mazoea yakabaki.

Sasa fikiria ni nani hachukuliwi. Ni kijana wa Merti aliyeenda Eastleigh kutafuta kazi, au mlinzi kutoka kwetu anayelala kibandani Nairobi. Akigongwa na gari usiku, polisi humtafuta kwa alama za vidole kwenye rekodi za vitambulisho. Na sisi watu wa kaskazini tunajua hadithi ya vitambulisho: miaka na miaka vijana wetu walipitishwa kwenye kamati za kuhakikiwa, hadi serikali ilipotangaza Februari 2025 kwamba utaratibu huo umeondolewa. Aliyekufa akisubiri kadi hana alama za kulinganishwa. Mama yake yuko Merti anapiga simu isiyopokelewa, na mochari wanaandika "hajulikani". Mtu huyo anao watu. Serikali ndiyo haikumwandika.

Msinielewe vibaya, sipingi anatomia. Daktari atakayenipasua nikiwa hai, nataka awe amejifunza kwanza. Na sheria nzuri tunayo. Sheria ya Afya ya 2017 inaruhusu mtu kutoa mwili wake kwa mafunzo au utafiti kwa njia tatu: katika wasia, kwa hati iliyotiwa sahihi pamoja na mashahidi wawili, au kwa kutamka tu mbele ya mashahidi wawili. Hiyo ya tatu mzee wa manyatta anaielewa bila wakili, maana ndivyo tunavyousia mifugo. Lakini waulize watu kumi pale stendi ya Isiolo kama wamewahi kuisikia.

Nataka kanuni ziseme mambo matatu waziwazi. Kwanza, kukosa wa kukuchukua kusihesabiwe kuwa umekubali. Pili, kabla mwili haujaenda mezani, ulizeni kwa machifu, misikitini, makanisani na kwenye redio za lugha zetu, si kubandika tangazo kwenye gazeti ambalo Merti halifiki. Tatu, masomo yakiisha mtu azikwe kwa heshima, na kumbukumbu ya kaburi lake iwepo ili jamaa wakitokea hata baada ya miaka wajue pa kusimama.

Mimi binafsi nimemwambia mama nataka kuzikwa hapa, siku hiyo hiyo. Ni haki yangu. Jirani yangu akitaka kuwapa wanafunzi mwili wake, hiyo pia ni haki yake. Mzee wa meza ya nne hakuulizwa lolote kati ya hayo mawili, na mpaka leo sijui jina lake.