Watu wa Miti

Kila ifikapo tarehe 5 Juni, shule nyingi za nchi zetu huwatoa watoto na wazazi wao kwenda kupanda miti. Majembe hubebwa, nyimbo huimbwa, hotuba husomwa. Siku hiyo ya Mazingira Duniani ilianza kuadhimishwa katika miaka ya 1970, na wengi hudhani kwamba ndiyo iliyotufundisha kuisherehekea miti. Kumbe sherehe ya namna hiyo ilifanyika Kenya nusu karne kabla yake, tena ikazaa jina la Kiswahili.

Mwaka 1920 Mwingereza Richard St. Barbe Baker alifika Kenya kuwa ofisa wa misitu. Katika nchi ya Wakikuyu alikuta vilima vilivyokwisha kukatwa miti. Ardhi nyingi ilikuwa imetwaliwa na walowezi, na wenyeji wakabanana katika iliyosalia. Alipowahimiza wazee wapande miti, walimjibu, kama alivyosimulia mwenyewe, kwamba hiyo ni shauri ya Mungu. Tusilicheke jibu hilo: tangu zamani mkulima alipanda chakula, na msitu ukajiotea. Baker hakubishana nao. Alijua kwamba Wakikuyu walikuwa na ngoma ya kupanda na ngoma ya mavuno, basi akataka miti nayo iwe na ngoma yake.

Ngoma hiyo ilichezwa Muguga tarehe 22 Julai 1922. Kwa hesabu ya Baker, walifika vijana wapatao 3,000. Kati yao walichaguliwa 50 waliojitolea, wakaahidi kupanda miti 10 kila mwaka na kuitunza miti popote ilipo. Chifu Josiah Njonjo alikuwa mshirika mkuu katika jambo hilo. Wakaitwa Watu wa Miti.

Sisi walimu wa lugha hatuna budi kulitazama jina hilo. Neno “watu” halibagui: mama ni mtu, na mtoto ni mtu. Lakini chama kilipoundwa Uingereza mwaka 1924 kiliitwa Men of the Trees, na katika Kiingereza neno la kwanza hutangulia kuleta fikra ya wanaume. Hata pale Muguga, zawadi waliyowekewa wasichana ilikuwa mkufu wa shanga kwa aliyewashinda wenzake kwa uzuri, ilhali wao na mama zao ndio waliotembea mbali kutafuta kuni.

Wanawake walishika nafasi yao tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Wanawake la Kenya walipoandamana mjini Nairobi hadi Kamukunji, wakapanda miti saba. Baadaye Wangari alieleza kuwa iliyosalia ni miwili tu.

Tarehe hiyo hukumbusha mkutano uliofunguliwa Stockholm mwaka 1972. Haikuchaguliwa kwa kufuata mvua zetu. Katika Rwanda, Burundi na sehemu kubwa ya Tanzania, Juni ni mwanzo wa kiangazi, na baada ya muda mfupi shule hufungwa. Mtoto aliyepanda mche kwa nderemo hurudi akaukuta kijiti kikavu. Rwanda hupanda miti yake zaidi Oktoba na Novemba, mvua zinyeshapo. Kwa maoni yetu, Juni ingefaa kwa ngoma, kukusanya mbegu na kujaza udongo katika viriba; mashimo yangoje mvua. Muguga nako Julai ile watu walicheza na kuweka ahadi.

Vikundi vya wanawake vilivyofuata baada ya Kamukunji vililipwa senti chache kwa kila mche. Malipo hayo hayakutolewa siku ya kupanda, bali mche ulipokwisha kushika.