Dar na Nairobi: Jiji Lipi Kubwa?

Watanzania na Wakenya wakikutana, ubishi wa jiji lipi kubwa hauchelewi kuzuka. Sensa ina jibu la haraka: mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, ilhali Nairobi, katika sensa ya 2019, ilikuwa na 4,397,073. Kwa ardhi, Dar ina kilomita za mraba zipatazo 1,393. Nairobi ina 696 hivi, nusu yake tu.

Haikuwa hivyo zamani. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuijenga Dar miaka ya 1860, na reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuhamishia Dar makao yao kutoka Bagamoyo. Lakini aliyezaliwa nyuma alitangulia kukua: mwaka 1948 Nairobi ilikuwa na watu 118,976, Dar 69,227. Pengo lilikuja kuzibika miaka ya 1970. Sensa ya 1978 iliipa Dar watu 843,090. Ya mwaka uliofuata ikaipa Nairobi 827,775.

Hapo ndipo mpaka unapoingia. Hesabu hiyo ya Dar ni ya mkoa mzima, pamoja na vijiji na mashamba yake, na hadi leo kusini mwa Kigamboni bado kuna mihogo na mikorosho. Mpaka wa Nairobi ulipanuliwa mwaka 1963 na haujasogea sana tangu hapo. Ndani yake imo Hifadhi ya Taifa, kilomita za mraba 117 za simba na twiga zilizotengwa tangu 1946. Watu wanabanana panapobaki: katika kaunti ndogo ya Mathare, kila kilomita ya mraba ina zaidi ya watu 60,000.

Jiji lenyewe limekwisha kuuruka mpaka. Ukishuka matatu Githurai 44, uko Nairobi. Ukivuka barabara kuu kwenda Githurai 45, uko Kaunti ya Kiambu, japo vibanda vya nguo na makelele ya makondakta ni yale yale. Wakazi wa Ruiru, Kitengela na Ongata Rongai, wengi wao wakiamkia kazini Nairobi, huhesabiwa kwingine. Dar nayo inamwagika kuelekea Kibaha na Mkuranga, mkoani Pwani.

Wanaopanga maji, barabara na mabasi ya majiji haya wawahesabu watu hao pia, kwa sababu foleni ya asubuhi haisimami mpakani.